Kwenda Kuona Dola Zinakoota: Dar, Tandahimba, Newala na Mtwara

Nauza spea za pikipiki Kariakoo: cheni, sproketi, breki, na tairi kidogo kidogo. Kuanzia 2023 mpaka katikati ya 2024 kilio chetu mtaani kilikuwa kimoja, dola hakuna. Unakwenda benki na shilingi zako kamili, unaambiwa andika jina usubiri. Mzigo wangu umeshafungwa Guangzhou, muuzaji ananitumia picha za makasha kila asubuhi kama anayenikumbusha deni, na mimi niko kwenye foleni. Siku moja dada wa dirishani akanihurumia: "Kaka, vumilia msimu wa korosho uanze. Dola zitaonekana."

Nilidhani ananifukuza kistaarabu. Nilipomsimulia mke wangu, akanitazama kwa huruma ile ile. "Kumbe ulidhani zinatoka wapi?"

Mke wangu ni Mmakonde wa Tandahimba. Kwao korosho ndiyo kila kitu, kama mkonge ulivyokuwa kwetu Korogwe. Katika miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa nimefika ukweni mara mbili tu, na zote misiba. Safari hii nikaenda kwa hiari. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la dukani na picha za simu. Bei ni za Oktoba 2024, msije mkanilaumu mkikuta zimepanda.

Jumanne, 22 Oktoba. Dar hadi Mtwara

Basi liliondoka Mbagala saa 12 asubuhi na dakika zake. Nauli 36,000, kiti cha dirishani. Ni kilomita 560 hivi, lami tupu, ila mwendo unategemea mizani na bahati. Mkuranga tu, korosho zikaanza kupita dirishani. Kijana alikimbia na basi mpaka nikanunua pakiti ya 2,000. Nilizihesabu: punje 38. Hiyo pakiti nitairudia.

Daraja la Mkapa pale Rufiji tulilivuka kwa dakika moja. Mama niliyekaa naye, anayerudi Nanyamba, alicheka nilipotoa simu kupiga picha. Kabla ya 2003, alisema, hapo palikuwa na kivuko, na mvua zikikaza kusini kunakuwa kisiwa. Aliwahi kulala ng'ambo siku tatu na mtoto mgongoni. Mbele, Somanga, tulipita kwa kunyata kwenye mchepuko, maana mafuriko yaliyofuata Kimbunga Hidaya mwezi Mei yalikuwa yameikata barabara. Pancha ilitushika karibu na Nangurukuru na kula saa nzima. Yule mama akafungua kikapu, akanigawia mihogo ya kuchemsha na chumvi bila hata kuniuliza kama nina njaa.

Kaeni upande wa kushoto. Jua la asubuhi litawachoma, lakini mkiteremka Lindi bahari yote ni yenu. Na msingoje kula mchana Nangurukuru mkiwa na haraka: wali samaki ni 6,000 na samaki anakaangwa mkiwa mmekaa.

Mtwara tuliingia saa 12 jioni. Chumba 25,000, feni inafanya kazi, neti ina tundu moja.

Jumatano, 23 Oktoba. Mtwara hadi Tandahimba

Kosta haiondoki mpaka ijae, na ilijaa saa nne. Kilomita 50 za kwanza hadi Mnivata ni lami. Baada ya hapo, mwezi ule, kulikuwa na makatapila, michepuko na vumbi, kwa sababu barabara ya kwenda Tandahimba, Newala mpaka Masasi ilikuwa inajengwa. Vumbi lake ni jekundu na linaingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Vaeni nguo msizozipenda.

Halafu mikorosho. Nilikuwa nimeiona misibani, lakini akili ya msiba haioni miti. Safari hii niliangalia: kulia, kushoto, nyuma ya nyumba, mbele ya shule, mpaka makaburini. Majani yanagusa chini kama sketi.

Ukweni nikapokewa kwa ming'oko ya kuchemsha, kisamvu cha nazi na ugali. Baba mkwe aliuliza habari za watoto, habari za biashara, kisha akaniuliza nimekuja kwa tatizo gani. Nikamwambia nimekuja kuona korosho. Akanyamaza kidogo. "Sawa, baba. Basi kesho alfajiri."

Alhamisi, 24 Oktoba. Shambani

Alfajiri yao ni saa kumi na moja.

Chini ya kila mkorosho pamefagiliwa kama uwanja wa nyumba, ili kinachodondoka kionekane. Korosho haichumwi mtini. Inaachwa idondoke yenyewe na bibo lake, lile tunda linaloishikilia, kwa sababu ukiharakisha unapata punje changa inayosinyaa. Unaokota bibo, unainyonga korosho, korosho kwenye ndoo hii, bibo kwenye ile. Saa tatu mgongo ulikuwa umeshanikana. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alisema ninaokota kama mtu aliyedondosha shilingi mia gizani.

Mabibo mengi huozea shambani. Mengine yanakamuliwa kinywaji cha uraka, mengine yanaanikwa yawe kochoko, na yanayogeuzwa kuwa pombe kali hayaongelewi mbele ya mkwe.

Tulipokaa kivulini baba mkwe akanionyesha mti ambao marehemu baba yake aliupanda. Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, familia ilisogezwa kijiji cha sasa, na shamba likabaki umbali wa kutembea nusu siku. Nani atafagia chini ya mkorosho ulio nusu siku? Msitu ukaingia. Ukaja na ubwiriunga, ule ugonjwa unaokaa kwenye maua kama mtu amemwaga unga wa sembe, ukala maua kabla hayajashika. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Mikorosho ilikuwepo, wenyewe ndio walikuwa wameikatia tamaa. Kilichoirudisha ni salfa ya kupuliza wakati wa maua, miche bora na ushauri wa watafiti wa Naliendele pale Mtwara, na bei iliyomfanya mtu aone faida ya kufagia tena. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000.

Alinieleza haya huku anachambua korosho kwa mikono, nzuri huku, zenye madoa huku. Hakuinua macho hata mara moja.

Jioni nikapewa gunia nilishike mdomo wakati anajaza. Korosho haitakiwi kukaa kwenye mfuko wa plastiki, inafukuta na kuota ukungu. Lazima gunia linalopumua. "Magunia ya katani haya," akasema. Mimi mtoto wa mkonge nikalipapasa, nikajua si katani. Ni juti. Pembeni lilikuwa na maandishi yaliyofifia: Bangladesh. Baba yangu alikata mkonge Korogwe maisha yake yote. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, tukiwa miongoni mwa wakubwa duniani, kabla kamba za nailoni hazijaja kutunyang'anya soko. Na leo korosho yetu inatoka nchini imevaa gunia la watu. Nililipiga picha. Shemeji akauliza napigia nini picha gunia tupu.

Ijumaa, 25 Oktoba. Mnada

Hii ndiyo siku niliyoifuata.

Mkulima hapeleki korosho kwa mnunuzi. Anapeleka kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, inapimwa, anapewa stakabadhi. AMCOS inakusanya na kupeleka ghala kuu. Pale ubora unapimwa kwa paundi: wanakata sampuli na kukadiria katika gunia la kilo 80 zitatoka paundi ngapi za korosho ya kula. Ikifika 50 watu wanatabasamu. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani upo tangu 2007, na Tandahimba na Newala wako chini ya chama kikuu cha TANECU. Kila wiki mnada, mara Tandahimba mara Newala.

Nilitegemea kelele na nyundo. Nikakuta mwembe, viti vya plastiki, spika mbili na wazee waliovaa makoti. Miaka ya nyuma wanunuzi walitumbukiza zabuni sandukuni na zikafunguliwa mbele ya watu. Msimu huu zilikuwa zinaingia kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Umeme ukakatika. Jenereta likaletwa, likagoma, likaletwa jingine. Saa mbili hizo zilikuwa za faida kwangu, maana niliketi karibu na karani mmoja mstaafu aliyenieleza kitu ambacho sikukijua kabisa.

Vietnam na India ndizo zinazobangua korosho nyingi duniani, na viwanda vyao vinahitaji malighafi mwaka mzima. Wao wenyewe, pamoja na Afrika Magharibi, wanavuna kuanzia Februari hivi mpaka katikati ya mwaka. Ikifika Oktoba maghala yao yamepungua. Na Oktoba ndipo sisi kusini tunaanza kuokota. "Sisi ni wa kiporo," alisema mzee. "Wenzetu wakiwa wamemaliza chungu, ndiyo sisi tunapakua."

Bei zikasomwa kwenye spika, ghala kwa ghala, kampuni kwa kampuni, tani kwa tani. Wazee walikuwa bado wanausifia mnada wa kwanza wa tarehe 11, uliovuka 4,000 kwa kilo. Baada ya kusomwa, mwenyekiti anauliza: tunauza, hatuuzi? Si swali la mapambo. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei, Serikali ikaingia kununua kwa 3,300 na jeshi likabeba. Safari hii kimya kidogo, halafu "Tunauzaaa!" na watu wakaanza kutafuta baiskeli zao.

Hela haiji siku ile. Mnunuzi analipa, makato yanakatwa, ya AMCOS, ya chama kikuu, ya ghala, usafiri, ushuru wa halmashauri, ndipo inaingia benki kwa mkulima. Hapo katikati ndipo kangomba anapoishi. Kangomba ni lile bakuli la kupimia, na ndilo jina la biashara yenyewe: mwenye fedha ananunua korosho yako ikiwa bado ua, kwa bei ya njaa. Ni marufuku, na kila mtu anamjua anayeifanya. Jirani mmoja wa baba mkwe aliuza hivyo mwezi Agosti, mtoto alikuwa amelazwa. Wakati wenzake wanaitikia "tunauza" yeye alikuwa amekaa nyuma, anachezea funguo za baiskeli. Korosho yake ilikuwa ndani ya ghala lile lile, kwa jina la mtu mwingine.

Mnada ni wazi, mgeni haulizwi kitu akikaa kwa adabu. Beba maji na kofia. Usipige picha za meza ya makarani bila kuomba.

Jumamosi, 26 Oktoba. Kuungua

Nilimwomba mama mkwe anionyeshe kubangua. Wanaume hawakai jikoni, lakini mgeni ana msamaha wake. Aliweka korosho kwenye bati kuukuu lililotobolewa, juu ya kuni, uani. Maganda yakaanza kutoa mafuta, mafuta yakashika moto, na moshi wake si wa kusogelea. Akamwaga zote kwenye mchanga, akazisugua na majivu, akaanza kugonga moja moja kwa jiwe. Tak, punje nzima. Tak, punje nzima.

Mimi nikachukua mbichi ambayo haijachomwa, nikaipasua kwa koleo niliyoiona pale. Yale mafuta ya ganda ni kama asidi. Vidole viwili vilibabuka na ngozi ikatoka baada ya siku nne. Mama mkwe alinipaka majivu, akasema kitu kwa Kimakonde, wanawake wote uani wakacheka. Mpaka leo mke wangu hajanitafsiria.

Kwa gunia la paundi 50, kilo 80 za korosho ghafi zinatoa kilo 22 na ushee za kula. Zilizobaki ni ganda na ngozi. Sehemu kubwa ya korosho yetu inasafirishwa na ganda lake, na ile tak tak inafanyika Asia. Rudi sasa kwenye pakiti yangu ya Mkuranga: punje 38 zilizobanguliwa kwa 2,000, wakati kilo nzima ya ghafi mnadani ni 4,000 hivi. Nilipiga hesabu kwenye daftari, nikaifuta, nikapiga tena.

Jumapili, 27 Oktoba. Newala

Bodaboda mpaka Newala, 15,000 kwa sababu ya vumbi na ugeni wangu. Nendeni Shimo la Mungu jioni: uwanda wa Makonde unakatika ghafla miguuni pako, na kule chini bonde linateremka kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Hakuna kiingilio nilichoombwa.

Asubuhi shemeji alikuwa amenipitisha kwenye jengo la kiwanda cha zamani. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 Serikali ilijenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mashine za Italia na Japani. Vilipokamilika, mikorosho ndiyo ilikuwa imeingiwa na msitu, korosho ya kulisha mashine hakuna. Vingi viliishia kuwa maghala. Sasa korosho imerudi, ipo tele, na kwenye majengo ya namna hii inalala ikingoja lori.

Jumatatu, 28, na Jumanne, 29 Oktoba. Na lori mpaka Mtwara

Dereva wa lori alikuwa rafiki wa shemeji. Alinikubalia kiti cha mbele kwa sharti nisilale. Mzigo tani 28. Njiani tukapiga hesabu: kwa 4,000 kilo, ni shilingi milioni 112. Siku ile dola ilikuwa 2,700 na kitu, kwa hiyo nyuma yetu kulikuwa na dola zaidi ya 41,000 zikirukaruka kwenye mashimo. Mimi ningelia kwa furaha kupata 15,000. Yeye alilipwa posho ya safari.

Korosho ghafi ikitoka nje inalipiwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake, au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Huo ni mbali na dola ambazo mnunuzi lazima azilete nchini ili alipe wakulima kwa shilingi. Dhahabu ndiyo inayoongoza kwa tunavyouza nje, na watalii wana dola zao, lakini korosho inashusha fedha kwa miezi michache tu, kwa pamoja, kama mvua ya vuli. Yule dada wa benki hakuwa ananifukuza.

Tulifika Mtwara usiku, foleni ya malori ikawa ndefu kuliko macho. Tulilala humo. Mama ntilie alipita saa kumi usiku na chai ya tangawizi na maandazi, 1,500 tukashiba wawili. Tangu msimu wa 2023/24 korosho ya kusini inatakiwa itokee bandari hii badala ya kubebwa mpaka Dar, na unaiona hiyo barabarani. Kati ya malori ya korosho kulikuwa na mengine yenye makaa ya mawe kutoka Ruvuma.

Langoni nikashuka, bila kibali huingii. Lakini kuna njia ya kuiona bandari yote kwa mia chache tu: pandeni kivuko cha Msangamkuu. Katikati ya ghuba nikaona meli imefungwa gatini, kreni inainua makasha, na pembeni rundo jeusi la makaa. Bandari hii haikujengwa kwa ajili ya korosho. Waingereza waliianzisha kwa ajili ya karanga, mradi ule wa 1947 wa Nachingwea, Kongwa na Urambo, wakajenga na reli ya kuleta karanga baharini. Mwaka 1951 wakaufunga, pauni milioni 36 zimeteketea. Reli ikang'olewa baadaye. Gati likabaki, na kina chake kizuri, likingoja mazao ya wengine. Nilimwambia hayo mvuvi aliyekaa ubavuni kwangu. Akaniuliza kama nanunua pweza.

Jumatano nilirudi Dar, saa kumi na mbili za usingizi na vumbi.

Baadaye

Novemba benki walinipigia wenyewe. Shilingi ikaendelea kupata nguvu, na mwishoni mwa Desemba dola ilikuwa imeteremka kuelekea 2,400. Nilitoa mzigo wangu wote, nikaagiza mwingine. Katika miaka sita ya biashara sikuwa nimewahi kununua dola kwa raha vile.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya baba mkwe akapiga. Malipo ya awamu ya pili yameingia, anashukuru Mungu, mama mkwe anauliza vidole. Kisha akasema, "Redioni wanatangaza dola imeshuka, wanafurahi sana. Wewe uko mjini, unajua hesabu hizi. Huyu anayenunua korosho yetu kwa dola, dola yake ikileta shilingi chache, atanipa mimi bei ile ile?"

Nilikuwa dukani, nimezungukwa na makasha mapya. Nikamwambia, "Baba, nitakupigia baadaye kidogo, kuna mteja."